Kigae, Kitambaa au Namba: Mjadala Kuhusu Vigezo vya Rangi

Kifaa cha kupima rangi, kiwe ni spektrofotomita, ambayo huuchambua mwanga uliorudi kutoka kwenye kitu na kuupima urefu wa wimbi mmoja baada ya mwingine, au kiwe ni kolorimita, ambayo hutosheka na kuupitisha mwanga huo katika vichujio vichache vinavyoiga jicho la mwanadamu, hakijui rangi yoyote mpaka kionyeshwe kitu ambacho rangi yake imekwisha kujulikana. Kitu hicho ndicho kigezo, na kazi ya kukilinganisha kifaa na kigezo, kisha kuiandika tofauti iliyoonekana baina yao, ndiyo ambayo wataalamu wa viwango nchini Tanzania huiita ugezi. Kigezo hutakiwa kuwa na sifa mbili: kiwe sahihi, maana thamani iliyoandikwa kwenye cheti chake iwe ndiyo thamani yake, na kiwe imara, maana thamani hiyo isiondolewe na jua, unyevu, jasho la vidole au kupita kwa miaka. Sifa hizi hutajwa kwa pumzi moja, lakini historia ya upimaji wa rangi inaonyesha kuwa zimekuwa zikivutana tangu mwanzo, kwa kuwa nyenzo zilizodumu aghalabu hazikufanana na vitu vinavyopimwa, na zile zilizofanana navyo hazikudumu.

Mvutano huo unawekwa hapa katika sauti tatu. Ya kwanza ni ya Mfinyanzi, anayesimamia kauri. Ya pili ni ya Mtiarangi, anayechovya na kuchapa vitambaa katika kiwanda cha mwambao, ambako shehena ya kanga iliyopotoka rangi kidogo hurudishwa na mnunuzi bila huruma. Ya tatu ni ya Mpimaji, mwanafizikia wa maabara ya vipimo, ambaye kimsingi hana imani na kitu chochote kinachoshikika. Hawa si watu wa kweli bali ni misimamo iliyopewa midomo, ingawa kila mmoja wao ana wazee wake katika historia. Mfinyanzi, kwa kuwa sanaa yake ndiyo kongwe, anapewa nafasi ya kufungua.

MFINYANZI: Rangi nyingi duniani ni za muda tu. Nguo, wino, plastiki na maua hupata rangi kutokana na molekuli za kaboni ambazo humeza sehemu ya mwanga na kuiachia sehemu nyingine, na kila zinapomeza mwanga huo hujiweka katika hatari ya kuvunjika, kiasi kwamba kinachozifanya zionekane ndicho hichohicho kinachoziua. Anayetaka kigezo cha kudumu hana budi kuziepuka molekuli hizo tangu mwanzo, na njia ya kuziepuka ni tanuru. Kigae cha udongo hupakwa glezi, yaani mchanganyiko wa unga wa kioo na pigmenti za madini, kisha huchomwa katika joto linalokaribia au kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, mpaka mchanganyiko huo uyeyuke na kuwa tabaka la kioo lililoshikamana na kigae. Chochote cha kaboni huungua humo. Kinachobaki ni pigmenti za kobalti, chuma, vanadiamu, praseodimiamu na madini mengine machache, na kilichotoka salama tanuruni hakina sababu ya kuliogopa dirisha la maabara. Kikichafuka huoshwa kwa maji na sabuni, na kikikwaruzwa alama huonekana, jambo ambalo nalo ni sifa, kwani kigezo kinachoharibika waziwazi ni afadhali kuliko kile kinachoharibika kwa siri.

Ushahidi wa Mfinyanzi ni mzito. Mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la utafiti wa kauri la Uingereza, British Ceramic Research Association, lenye makao yake Stoke-on-Trent, mji ambao kwa karne kadhaa umeishi kwa vyombo vya udongo, lilishirikiana na National Physical Laboratory ya Teddington, karibu na London, kutengeneza vigae vya rangi kwa ajili ya vifaa vya kupimia. Seti iliyozoeleka ina vigae 12: vya kijivu cha viwango mbalimbali, waridi iliyokolea, nyekundu, rangi ya chungwa, njano kali, kijani, samawati na buluu nzito, na miongoni mwake mna kijivu kimoja na kijani kimoja ambavyo vimetofautishwa kidogo tu na ndugu zao kwa sababu itakayoelezwa baadaye. Vigae hivyo, pamoja na vile vya awamu ya pili vilivyofuata katika miaka ya 1980, vimesambaa katika maabara za dunia nzima, na kiwanda kinachouza spektrofotomita leo kikitaka kuonyesha kwamba vifaa vyake viwili vinasoma sawa, hutaja wastani wa tofauti zilizopimwa juu ya vigae hivyohivyo.

MTIARANGI: Mzee Mfinyanzi, hakuna anayebishana na tanuru, ila hakuna anayevaa kigae. Uso wa glezi ni kioo, na kioo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kama kinavyofanya kioo cha kujitazamia, kabla mwanga huo haujagusa pigmenti. Chukua kigae cheusi ukipime kwa kifaa cha tufe, yaani kile chenye chumba cha mviringo kilichopakwa nyeupe ndani ili kikusanye mwanga kutoka pande zote, pamoja na mng'ao: kitasomeka asilimia 4 na zaidi kidogo. Kipime kwa kifaa kinachomulika kwa pembe ya nyuzi 45 na kutazama kwa kusimama wima, ambacho huuacha mng'ao upite kando, nacho kitasomeka chini ya asilimia 1. Kigae ni kimoja na majibu ni mawili. Kitambaa hakina kioo hicho. Kina nyuzi zinazoutawanya mwanga kila upande, kina manyoya, kina mwelekeo wa mfumo, na ukikizungusha robo ya mduara namba hubadilika. Je, kigezo kisicho na hata moja ya tabia hizi kinaweza kusema nini kuhusu kitambaa?

Swali lake la pili ni gumu zaidi na linahitaji maelezo. Uakisi ni sehemu ya mwanga ambayo kitu hurudisha, na ukichorwa kwa kila urefu wa wimbi, kuanzia zambarau karibu na nanomita 400 hadi nyekundu karibu na 700, hutoa mkondo ambao ndio utambulisho wa kweli wa rangi ya kitu hicho. Jicho halioni mkondo, bali huona muhtasari wa namba tatu tu, na kwa hiyo vitu viwili vyenye mikondo tofauti vinaweza kuonekana sawa kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, hali iitwayo metamerizimu. Nyekundu ya kigae na nyekundu ya kitambaa kilichochovywa zinaweza kuwa jozi ya namna hiyo. Kwa kuwa makosa ya kifaa hutegemea umbo la mkondo kinaousoma, kifaa kinachosoma vizuri nyekundu ya kauri hakijathibitisha kwamba kitaisoma vizuri nyekundu ya pamba. Mtiarangi anauona ule wastani unaotangazwa na wauzaji kuwa sawa na matokeo ya mtihani ambao maswali yake yalivuja: watahiniwa wote wamefaulu, lakini hakuna ajuaye wangefanya nini wakipewa karatasi nyingine. Lugha ni kali, lakini hoja haina kasoro, na watumiaji wengi wa vifaa hivi hawajapata kuambiwa hivyo.

MPIMAJI: Waheshimiwa mnabishana kuhusu kitu gani kiwekwe mezani, kana kwamba lazima pawepo kitu. Itazameni historia ya nyeupe, ambayo ndiyo msingi wa rangi zote, kwani uakisi hupimwa kwa kuulinganisha na wa nyeupe. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga, inayojulikana kwa herufi za CIE, ilipoweka mfumo wa namba za rangi unaotumika mpaka leo, nyeupe ya rejea ilikuwa oksidi ya magnesiamu, tena si ya dukani: utepe wa magnesiamu ulichomwa, na moshi wake mweupe ukaachwa utue juu ya bamba. Tabaka hilo lilikuwa laini mno, lilitoka kwa kuguswa, lilibadilika kadiri lilivyokaa, na kila maabara ilikuwa na moshi wake. Ilihesabiwa kuwa ni asilimia 100 ilhali kwa kweli ilirudisha asilimia 97 au 98. Katika 1969 CIE iliiacha, ikaweka mahali pake kitawanyishi kamilifu, yaani uso wa kufikirika unaorudisha mwanga wote na kuutawanya sawasawa. Uso huo haupo popote duniani, na hilo ndilo linalouepusha na uchafu, kuzeeka na kuibiwa. Maabara kuu huufikia kwa hesabu na kwa vipimo vya tufe, kisha huugawia ulimwengu namba. Kigezo cha kweli ni namba. Kigae na kitambaa ni bahasha tu za kuisafirishia.

Anaongeza mfano wa Albert Munsell, msanii na mwalimu wa Boston aliyeupanga ulimwengu wa rangi kwa aina, weupe na ukolezi, na ambaye mfumo wake ulitolewa mwaka 1929, baada ya kifo chake, kama kitabu cha vipande vya karatasi vilivyopakwa rangi. Wapima udongo wa Afrika Mashariki huandika rangi ya udongo kwa namba zake hadi leo, wakibeba kitabu kidogo chenye vipande hivyo shambani, ambako vidole vyenye tope na jua la mchana huvifanyia kazi ambayo hakuna mtengenezaji angeitamani. Kilichouokoa mfumo wa Munsell usizeeke pamoja na karatasi zake ni kwamba vipande vyake vilipimwa kwa spektrofotomita, na mwaka 1943 kamati ya chama cha wanataaluma wa optiki cha Marekani ikatoa namba zilizonyooshwa kwa kila rangi katika mfumo wa CIE. Tangu hapo kipande cha karatasi kilichochujuka si Munsell tena. Ni kipande kilichochujuka tu, kwa kuwa Munsell mwenyewe yumo katika jedwali.

Hapa inafaa mjadala usimame kidogo, kwa sababu Mpimaji amesema kweli nusu na kuiacha nusu. Ni kweli kwamba namba haichakai. Lakini namba haiwezi kuwekwa mbele ya tundu la kifaa. Kifaa kimetengenezwa kwa taa, kioo, kichanganuzi na vihisi, na vyote hivyo husogea. Kinachoweza kugundua kwamba vimesogea ni kitu kinachorudisha mwanga, si jedwali. Na mara tu kitu kinapohitajika, maswali yote ya Mfinyanzi na Mtiarangi hurudi kwa nguvu zilezile. Mfinyanzi analiona pengo hilo upesi.

MFINYANZI: Ndugu Mpimaji, hebu itaje basi hiyo bahasha unayoipenda ya kusafirishia nyeupe. Ni politetrafluoroethilini, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisishike, ikiwa imesagwa na kushindiliwa, au kuokwa mpaka iwe bamba. Wataalamu wa ofisi ya vipimo ya Marekani walichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba unga wake ulioshindiliwa hurudisha takriban asilimia 99 ya mwanga unaoonekana, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini bamba lake likishika mafuta ya mkono au moshi wa hewa huanza kuwa njano kwa kupoteza uakisi upande wa zambarau, na tiba yake ni kulisugua kwa msasa laini chini ya maji mpaka tabaka la juu litoke. Kigezo kinachosafishwa kwa kunyolewa uso ni kigezo cha ajabu. Isitoshe, mwanga huingia ndani yake na kutokea pembeni, mbali na ulipoingilia, kwa hiyo kifaa chenye tundu dogo hukosa sehemu ya mwanga huo na kuiona nyeupe hiyo kuwa nyeusi kuliko ilivyo.

MPIMAJI: Hayo yanakubalika, nayo yameandikwa. Lakini Mzee asijivunie mno uimara peke yake, maana uimara bila usahihi umewahi kuisumbua dunia kwa miongo. Joseph Lovibond, mtengenezaji wa bia wa Salisbury, Uingereza, katika miaka ya 1880 alitaka kigezo cha rangi ya bia, akaishia kwenye vioo vya rangi vilivyopangwa kwa ngazi za nyekundu, njano na buluu, ambavyo huwekwa kimoja juu ya kingine mpaka vilingane na kimiminika. Vioo vile havikuchujuka. Biashara ya mafuta ya kula iliviegemea, na hata sasa rangi ya mafuta ya mawese, ambayo hushushwa kwa wingi Mombasa na Dar es Salaam, hutajwa kwa namba za Lovibond. Hata hivyo, ofisi ya vipimo ya Marekani ilipovichunguza vioo vyekundu katika miaka ya 1920, kwa sababu ya malalamiko ya wakemia wa mafuta ya mbegu za pamba, ilikuta kwamba vioo vyenye namba moja havikulingana, na kwamba kujumlisha namba za vioo viwili hakukutoa rangi ya kioo chenye jumla hiyo. Kosa lililogandishwa katika kioo ni kosa litakalomzika aliyelifanya na watoto wake.

Mtiarangi, ambaye amekuwa akisikiliza huku wawili hao wakirushiana mawe, anaingia na jambo ambalo linageuza mwelekeo wa mazungumzo yote.

MTIARANGI: Tuseme kiwanda kimenunua seti ya vigae 12, na cheti chake ni halali. Kigae cha rangi ya chungwa kinapimwa asubuhi, chumba kikiwa na kiyoyozi, na kinasomeka kama cheti kinavyosema. Umeme unakatika, kiyoyozi kinazimika, na saa nane mchana ya mwezi wa Februari, katika joto la Dar es Salaam, kigae kilekile kwenye kifaa kilekile kinasomeka vingine. Kifaa kimeharibika, au kigae?

Jibu ni kwamba hakuna kilichoharibika. Kigae kimebadilika rangi kwa joto, kitarudi kilivyokuwa kikipoa, na jambo hilo, liitwalo thermokromizimu, ndilo lenye utajiri mkubwa kuliko yote katika mjadala huu. Lilielezwa na watafiti wa Uingereza na wa Marekani katika miaka ya 1980, na data kamili za vigae vya awamu ya pili zilichapishwa mwaka 1997 katika jarida la chama cha watia rangi wa nguo cha Uingereza, kwa hiyo siri ya wafinyanzi imehifadhiwa kwenye maktaba ya wenzao wa upande wa pili, jambo ambalo Mtiarangi angelifurahia. Ukubwa wa badiliko hutofautiana sana kati ya kigae na kigae. Vya kijivu hubadilika kidogo kiasi cha kupuuzwa. Vya nyekundu, chungwa na njano huhama kwa takriban kizio kimoja au zaidi kidogo kwa kila nyuzi 10 za joto, ambapo kizio ni kile cha tofauti ya rangi katika mfumo wa CIELAB wa mwaka 1976, uliopangwa ili kizio kimoja kikaribie tofauti ndogo ambayo jicho lililozoea linaweza kuitambua. Mnunuzi wa nguo mara nyingi huvumilia tofauti ya kizio kimoja hivi. Maana yake ni kwamba chumba kilichopata joto kinaweza kuumaliza uvumilivu wote wa mnunuzi kabla kitambaa hakijaguswa.

Sababu imo katika pigmenti. Rangi hizi tatu katika kauri hutegemea salfidi ya kadimiamu iliyochanganywa na seleniamu, ambayo kadiri inavyozidi rangi husogea kutoka njano hadi chungwa na kisha nyekundu. Michanganyiko hii ni vipitishi nusu, yaani maada ambazo elektroni zake zinahitaji kiasi maalumu cha nishati ili ziruke pengo fulani: mwanga wenye nishati pungufu ya pengo hilo hurudishwa wote, na mwanga wenye nishati inayolizidi humezwa wote. Ndiyo maana mkondo wao wa uakisi hauna mteremko wa polepole, bali una ukingo mkali, uliolala chini upande wa buluu kisha ukapanda ghafla kama ukuta ndani ya nanomita chache. Ukingo huo ndio unaoifanya rangi iwe kali na safi kuliko pigmenti yoyote nyingine inayoweza kustahimili tanuru. Nyekundu ya oksidi ya chuma hustahimili pia, lakini ni nyekundu iliyofifia ya matofali. Sasa, maada ikipata joto, pengo la nishati hupungua, na ukingo husogea kuelekea mawimbi marefu. Msogeo wenyewe ni sehemu ndogo ya nanomita kwa kila nyuzi, lakini katika ukuta ulio wima msogeo mdogo wa kando hugeuka kuwa tofauti kubwa ya urefu.

MPIMAJI: Basi vitolewe kwenye seti! Kuna maana gani ya kuweka katika sanduku la vigezo vigae vitatu ambavyo vinapima joto la chumba kuliko kupima rangi?

Wito huo umewahi kusikika kwa sauti za upole zaidi, nao unashawishi. Lakini mwenye kuufuata angetupa kitu chenye thamani kubwa kuliko kasoro yake, na Mfinyanzi ndiye anayelijua hilo kwa undani.

MFINYANZI: Kifaa cha kupima rangi kina namna chache za kukosea, na kila namna ina kigae chake cha kuifichua. Kikiwa na mwanga wa uzururaji ndani yake, yaani mwanga unaofika kwenye kihisi bila kupita kwenye kipimwa, kigae cheusi na kijivu kizito husomeka juu kuliko cheti. Ngazi yake ya ukubwa ikiwa imepinda, vigae vya kijivu husema. Lakini kifaa kikiwa kimeteleza kwenye mawimbi, kikaita nanomita 590 kile ambacho ni 589, kijivu kitanyamaza, kwa sababu mkondo wake ni tambarare, na katika uwanja tambarare kusogea hatua moja hakubadilishi chochote. Anayeweza kusema ni yule mwenye ukuta. Kigae cha chungwa au nyekundu hupiga kelele kwa kosa la nusu nanomita. Mnataka kigae chenye ukingo mkali lakini kisichosogea kwa joto. Ukingo huo ni mkali kwa sababu una pengo la nishati, na kwa kuwa una pengo, husogea. Kasoro na faida zimetoka katika tanuru moja, na pigmenti ya kuzitenganisha bado haijapatikana.

Hoja hii ndiyo mhimili wa suala zima, na inastahili kusemwa bila kuzungushwa: kigezo bora cha rangi si kile kisichobadilika, kwa kuwa kisichobadilika kwa lolote hakiwezi pia kufichua lolote, bali ni kile ambacho kila badiliko lake lina sheria inayojulikana na kuandikwa. Kigae cha chungwa chenye cheti kinachotaja joto ambalo kilipimiwa, pamoja na kiasi kinachosogea kwa kila nyuzi, ni kigezo sahihi hata ndani ya chumba chenye joto, mradi kipimajoto kiwepo na mtu akisome. Kigae hichohicho chenye cheti kisichotaja joto ni pambo la mezani. Karatasi ya Munsell huzeeka kwa namna isiyo na sheria, kutegemea nani aliishika na jua lipi liliipata. Tofauti hii, ya badiliko linalohesabika na badiliko lisilohesabika, ina uzito zaidi kuliko ile ya kauri na karatasi.

Ni katika njia hiyo ambapo vigae vimepata kazi ambayo haikuwa mawazoni mwa waliodhani kigezo ni cha kuthibitisha tu. Mwaka 1988 Roy Berns wa Rochester Institute of Technology na mwenzake walionyesha kwamba tofauti kati ya usomaji wa kifaa na cheti cha vigae inaweza kuchambuliwa kwa hesabu ya urejeo, hadi itenganishwe sehemu iliyotokana na sifuri mbaya, yaani usomaji usiofika sifuri pasipo na mwanga, sehemu iliyotokana na ngazi iliyopinda na sehemu iliyotokana na mawimbi yaliyoteleza, na kisha usomaji wa vitu vingine usahihishwe kwa matokeo hayo. Swali la pili la Mtiarangi linajibiwa hapa kwa kiasi kikubwa. Ikiwa kosa limegunduliwa kwa jina lake, kwa mfano kwamba kifaa kimeteleza nusu nanomita, basi sahihisho lake linafaa kwa pamba kama linavyofaa kwa kauri, hata mikondo yao ikitofautiana. Kigae hakihitaji kufanana na kitambaa ili kimtibu anayepima kitambaa. Kinahitaji kuujua ugonjwa.

Vile vigae viwili vya tofauti, kijivu na kijani, vina faida nyingine. Kiwanda cha nguo kwa kawaida hakiulizi rangi hii ni ipi duniani, bali huuliza ni kiasi gani kitambaa cha leo kimeachana na sampuli iliyokubaliwa. Makosa mengi ya kifaa huathiri vipimo vyote viwili karibu sawa na hufutana mmoja unapotolewa kwenye mwingine, kwa hiyo tofauti hupimwa kwa usahihi zaidi kuliko rangi yenyewe, na jozi ya vigae iliyotofautishwa kidogo huonyesha kama kifaa kinaweza kazi hiyo.

MTIARANGI: Yanakubalika, Mzee, na joto litaandikwa kando ya kila usomaji kuanzia leo. Lakini kuna jambo moja ambalo tanuru haliwezi. Shuka nyeupe, shati la shule na kanzu hutiwa king'arisho, yaani kemikali inayomeza mionzi ya urujuanimno isiyoonekana na kuitoa upya kama mwanga wa buluu, ndiyo sababu nguo mpya huonekana nyeupe kupita nyeupe. Kifaa kikipima kanzu, kinachosomeka hutegemea taa ya kifaa hicho ina urujuanimno kiasi gani, na taa hupoteza urujuanimno kadiri inavyotumika. Ni kigae gani kitaipima taa hiyo?

Mfinyanzi hana jibu. Ving'arisho vya nguo ni molekuli za kaboni, zile alizozichoma zote katika hotuba yake ya kwanza, na glezi nyeupe ya kawaida haina namna ya kugeuza urujuanimno kuwa buluu kama zinavyofanya. Kwa kazi hii hata maabara kubwa hulazimika kurudi kwenye kitambaa: taasisi ya Hohenstein ya Ujerumani, kwa mfano, hutoa vitambaa vya pamba vilivyotiwa king'arisho na kupimwa weupe, ambavyo mtumiaji huvitumia kurekebisha kiasi cha urujuanimno katika taa ya kifaa chake, na ambavyo vina ukomo wa matumizi kwa sababu kila vinapomulikwa huchakaa kidogo.

MPIMAJI: Kitambaa hiki nacho kina sheria yake, ila ni sheria ya kalenda badala ya kipimajoto. Kitunzwe gizani, kitolewe siku ya ugezi peke yake, usomaji wake ulinganishwe na wa kitambaa kipya kabla cha zamani hakijaondolewa, na muda wake ukiisha kitupwe hata kama jicho halioni kosa.

MFINYANZI: Na gharama ya kununua kingine kila mara italipwa na nani?

MTIARANGI: Na mwenye kanzu, Mzee, kama anavyolipia kila kitu kingine.